Miezi minne ya kujiandaa na kilomita 42 za Moshi ukianzia kilomita 10

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama miezi minne inatosha kumtoa mtu aliyezoea kilomita 10 hadi amalize kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, kama ni lazima ununue viatu vya bei kubwa, na kama ujiunge na klabu ya jogging au ufanye mazoezi peke yako. Nimekimbia mbio hizo mara mbili, nikiwa mfanyakazi wa ofisini wa Dar es Salaam anayetoka kazini saa 11 jioni na kukwama kwenye foleni kama wewe. Mara ya kwanza nilimaliza kwa saa 5 na dakika 38, na nusu ya pili niliitembea zaidi ya kuikimbia. Mara ya pili nilitumia saa 4 na dakika 52. Kati ya mbio hizo mbili sikupata mapafu mapya wala miguu mipya. Nilichobadilisha ni kasi ya mazoezi, na niliibadilisha kwa kuipunguza.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililonigharimu. Mwaka wa kwanza nilijiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu, nikatoka baada ya majuma matatu. Bila shaka umewahi kuwaona wenzetu hao alfajiri za mwisho wa juma: fulana za rangi moja, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaitikia, kina mama watu wazima wako mbele, vijana wanapiga makofi nyuma, na mwendo wenyewe hauzidi sana wa mtu anayewahi daladala. Niliona wananichelewesha. Nikaanza kukimbia peke yangu, kila siku nikitaka kuvunja muda wa jana yake, na saa ya mkononi ikawa ndiye mwalimu wangu. Baada ya miezi miwili muundi wa mguu wa kulia ulianza kuuma kiasi kwamba kushuka ngazi za ofisini kulikuwa adhabu. Nikapumzika siku kumi, nikarudi kwa kasi ileile, ukauma tena. Nilifika Moshi nikiwa sijawahi kuvuka kilomita 19 kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kila Jumapili iliyopaswa kuwa ya safari ndefu ilinikuta nimekwisha kuchoshwa na mbio za katikati ya juma.

Mzee mmoja wa klabu ile, ambaye alinipokea tena bila kunicheka, aliniuliza swali moja tu: ninapokimbia, je, naweza kuitikia wimbo? Sikuweza. Akasema basi hayo si mazoezi ya kilomita 42, hayo ni mashindano ya kila siku ambayo mshindani wake ni mimi mwenyewe. Baadaye nilisoma na kuelewa kwamba alikuwa sahihi. Moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka, ilhali mifupa, kano na viungo huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo mtu anayekimbia kwa kasi inayoruhusiwa na pumzi yake huivunja miguu ambayo bado haijawa tayari. Vilevile, unapokimbia taratibu mwili hujifunza kutumia mafuta kwa wingi na kuweka akiba sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, iitwayo glaikojeni, ambayo kwa watu wengi haitoshi kufika mwisho wa kilomita 42 ikiwa itatumiwa kwa pupa. Kule kuishiwa nguvu ghafla kunakowakumba wengi karibu na kilomita ya 30 chanzo chake kikubwa ni hicho.

Kwa hiyo jiunge na klabu, na uimbe. Ukiweza kuitikia ubeti mzima bila kukatika pumzi, kasi yako ni sahihi. Ukibaki na neno mojamoja, punguza. Mimi ninayekimbia kilomita 10 kwa dakika 58 nilifanya mazoezi yangu mengi kwa dakika 7 hadi 7 na nusu kwa kila kilomita, na nakiri kwamba mwezi wa kwanza niliona aibu kupitwa na watu waliovaa ndala.

Ratiba yangu ya mwaka wa pili ilikuwa ya siku nne kwa juma, kuanzia mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu mbio hizi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Jumanne nilikimbia kilomita 6 hadi 8 za taratibu. Alhamisi ilikuwa siku ya vilima, nami nilivitafuta ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako hapakuitwa Mlimani bure. Jumamosi zilikuwa kilomita 5 na klabu. Jumapili ndiyo iliyobeba maandalizi yote: nilianza na kilomita 12, nikaongeza mbili kila juma, lakini kila juma la nne nilirudi nyuma ili mwili upumue, hadi nikafika kilomita 32 majuma matatu kabla ya mbio. Jumla ya juma zima ilipanda kutoka kilomita 25 hivi hadi 55. Majuma mawili ya mwisho nilipunguza hadi karibu nusu. Huo ndio wakati mgumu kuliko wote, maana miguu inawasha na mtu anaanza kuamini kwamba anasahau kukimbia. Hasahau. Usithubutu kufidia kilomita ulizokosa katika majuma hayo.

Joto la Dar lisikudanganye. Januari na Februari unyevu hewani ni mwingi mno, jasho linatiririka bila kukauka, na kwa hiyo halikupoozi. Jumapili nilikuwa natoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri, nikishika njia ya Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, nikiwa nimevaa kizibao kinachong'aa, kwa sababu bodaboda zisizo na taa ni hatari kuliko mbwa wote wa Mikocheni. Kama una wakwe au ndugu Kilimanjaro, sikukuu za Krismasi usizipoteze: wenzako wanapokwenda “kuhesabiwa”, yaani kurudi kwao mwisho wa mwaka, wewe beba viatu. Siku tano za kupanda na kushuka barabara za Kibosho zilinifaa kuliko mwezi mzima wa tambarare ya pwani, ingawa shemeji zangu bado wananiuliza nilikuwa nakimbia nini.

Kuhusu viatu nitakuwa mfupi. Mwaka wa kwanza nilinunua vipya vya gharama, vikanibana, nikapoteza kucha mbili. Mwaka wa pili nilivaa vya mtumba vilivyokuwa karibu vipya, vikubwa kidogo kuliko kipimo changu, maana mguu huvimba baada ya kilomita nyingi. Vaa viatu vitakavyokwenda Moshi katika safari zako ndefu zisizopungua tatu, na usipande basi na viatu ambavyo hujawahi kuvikimbilia. Paka mafuta ya mgando kwapani na mapajani, na chuchu uzifunike kwa plasta. Anayecheka ushauri huu hajawahi kuoga maji ya chumvi ya jasho lake mwenyewe juu ya ngozi iliyochubuka.

Chakula nilikula kilekile cha nyumbani: ugali, wali, maharage, viazi vitamu, ndizi. Kilichobadilika ni kwamba nilijizoeza kula kabla ya mbio ndefu na wakati wa mbio zenyewe. Uji wa ulezi saa moja na nusu kabla ya kuanza ulinikaa vizuri. Mwenzangu mmoja uji huohuo ulimpeleka vichakani, kwa hiyo jaribu mwenyewe Jumapili moja baada ya nyingine. Njiani nilitumia tende na dawa ya chumvi na sukari ile wanayopewa wanaoharisha, nikiichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Kunywa maji ukisikia kiu, usinywe kwa hofu, kwani maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na yanaweza kumwangusha mtu kama vile kiu inavyomwangusha. Dawa za kutuliza maumivu usizimeze asubuhi ya mbio, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji baadhi yake huumiza figo. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu mazoezini, acha, na umwone daktari kabla ya kuendelea.

Sasa Moshi yenyewe. Katika njia niliyokimbia mimi, mbio zilianzia na kuishia Uwanja wa Ushirika. Sehemu ya kwanza ni tambarare: unashika barabara kuu inayoelekea Dar es Salaam, unageuza na kurudi mjini, hewa bado ni ya ubaridi wa saa 12 na nusu asubuhi, mlima uko wazi mbele yako, na watu wanashangilia. Hapo ndipo mwaka wa kwanza nilipojimaliza. Nilifika nusu ya safari kwa saa 2 na dakika 1, nikajiona shujaa, kumbe kazi ilikuwa haijaanza. Baada ya mji barabara inaanza kupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na unapanda zaidi ya mita 300 kwenda juu kwa kilomita kama kumi, jua likiwa limekwisha kuchomoza vya kutosha. Si mlima wa kutisha kwa macho. Ni mwinuko usioisha, na aliyeishiwa sukari chini huko juu hana pa kuikopa. Misuli ya mapaja ilinibana nikakaa kando ya migomba, na mtoto wa pale akanipa ndizi.

Mwaka wa pili nilipita nusu ya safari kwa saa 2 na dakika 24, nikiwa nyuma ya mamia ya watu, nikiimba kimoyomoyo nyimbo za klabu. Katika kupanda Mweka nilihesabu pumzi badala ya kuangalia saa, nikatembea kila kituo cha maji kwa hatua thelathini tu, na nilipogeuza kuanza kushuka niliwapita wengi walionipita kwenye tambarare. Hata kwa wenye vipaji hali si tofauti sana: Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mnamo Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na Simbu alimpita kwenye hatua za mwisho kabisa.

Kwa hiyo miezi minne inatosha, mkuu, ikiwa sasa hivi unakimbia kilomita 10 bila maumivu. Ikiwa mpaka katikati ya Januari hujafikisha kilomita 22 kwa mkupuo, hamia mbio za kilomita 21. Nazo zinapanda huohuo mlima wa Mweka, na huko utakutana na watu wengi zaidi.

Jambo la mwisho ni la nauli. Usikate tiketi ya basi la kurudi Dar Jumapili hiyohiyo ya mbio. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, na baada ya kukaa kwenye kiti zaidi ya kilomita 500, nilipofika stendi abiria wawili walinishika mikono kunishusha kwenye ngazi. Omba ruhusa ya Jumatatu mapema, tangu Januari.