Usishushe gia boksi kabla hujapima nyaya

Kuna msomaji kaniandikia meseji, gari yake otomatiki imeng'ang'ania gia ya tatu, taa ya injini imewaka, wakapima ikatoka kodi (namba ya hitilafu) P0700 na fundi kamwambia gia boksi imekufa atafute nyingine. Nimesoma nikaumia kwa kweli. Wiki iliyopita tu nimetoka kuirudisha barabarani gari iliyohukumiwa hivyo hivyo, kwa hiyo hii naiandika kwa ajili yake na kwa nyie wote mnaotaka kuwa mafundi umeme wa kueleweka, sio wabadilisha spea.

P0700 haisemi gia boksi imekufa. Hapo kompyuta ya gia inaiambia kompyuta ya injini kwamba nina shida, washa taa, basi. Shida yenyewe imehifadhiwa upande wa gia, na ukitumia kile kimashine kidogo kinachosoma injini peke yake huwezi kuiona. Ingia upande wa gia ndo utakutana na P0720 ya sensa ya spidi ya shafti ya kutokea au P0750 ya solenoidi ya gia, yaani vali ya umeme inayofungulia oili gia ibadilike. Na hata hapo usikimbilie dukani, kodi inataja saketi, na saketi ni kifaa pamoja na waya wake, pini zake, fyuzi, umeme unaoingia na ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi na negativu ya betri.

Sasa hiyo gari ya wiki iliyopita ilikuja na kodi za solenoidi kadhaa kwa mpigo na ya sensa juu yake. Aliyenitangulia alishabadilisha solenoidi, akaweka oili mpya, ikatembea kidogo ikarudi palepale. Jamani, solenoidi zote hizo zinakufaje kwa pamoja? Ukiona vitu vingi vinalalamika siku moja tafuta wanachochangia, na mara nyingi wanachochangia ni umeme au ethi. Betri ilikuwa safi, volti 12.6 injini imezimwa, 14.1 imewashwa. Mwenye gari akaniambia "fundi, ethi ilishapimwa, iko poa". Ilipimwa kwa omu (ukinzani wa waya), gari imezimwa! Waya uliobakiwa na uzi mmoja kwa omu utasoma vizuri kabisa, ila mzigo ukija, yaani vifaa vikianza kuvuta umeme, hauwezi kuubeba. Mimi nikaweka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya kompyuta ya gia na nyingine kwenye negativu ya betri, injini inaunguruma, nikawasha taa kubwa na feni. Mita ikasoma volti 1.3, wakati hapo ukiona inapita 0.1 anza kutilia shaka.

Nikafuata waya mpaka unapofungwa kwenye bodi, chini ya betri. Boliti kwa juu inang'aa, imekaza, huwezi kuishuku. Kuifungua, chini ya kile kichwa cha waya kuna unga wa kijani na kutu imenyanyua rangi ya bodi. Nikasugua mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu, kupima tena 0.03. Kodi nikafuta hazijarudi mpaka leo, na gia boksi haikuguswa.

Niliwahi kufanya kazi gereji moja mkubwa wetu alikuwa ananiita "bwana mita" mbele ya wateja, eti nawachelewesha wenzangu wanaoshusha magia boksi. Mpaka leo linaniuma, maana wateja walilipia kazi ambazo hazikuhitajika na mimi niliyesema tupime kwanza nikaonekana mkorofi.

Kwa hiyo wadogo zangu pimeni, na pimeni kwenye mzigo. Solenoidi za kufungua na kufunga nyingi huwa kati ya omu 10 na 30, zile za presha huwa chini zaidi, ila kubwa ni kitabu cha gari husika, na pima ya baridi na ya moto kwa sababu koili ikipata joto ndo inakatika. Sensa ya nyaya mbili mara nyingi inazalisha umeme yenyewe, weka mita kwenye volti za AC uzungushe, ya nyaya tatu anza kwa kuangalia kama inaletewa umeme. Kama kompyuta hazisikilizani, toa waya wa betri upime pini 6 na 14 za soketi ya dayagnosi, iwe kama omu 60. Ukikuta 120 upande mmoja umekatika, ukikuta karibu na sifuri nyaya zimegusana. Fungua na plagi ya nyaya za gia boksi uangalie kama ina oili ndani, kuna gari oili inapanda ndani ya waya wenyewe mpaka kwenye kompyuta. Na tafadhali acheni kutoboa nyaya kwa sindano, maji yakiingia pale mmetengeneza kodi nyingine.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usikubali ishushwe. Mwambie fundi asome upande wa gia, na kabla hajafuta chochote apige picha kodi zote pamoja na data iliyohifadhiwa nazo, joto la oili, spidi na volti wakati taa inawaka. Hasa volti. Nitumie hizo picha.