Lami yangu ilibanduka masika ya kwanza

"Shikamoo kaka. Tumemaliza barabara, masika haijaisha na mashimo yameanza. Wananchi wanasema tumemwaga lami feki."

Marahaba, mdogo wangu. Hilo neno "feki" nalijua. Niliitwa nalo sokoni, mke wangu kando yangu.

Nilikuwa fundi msimamizi kwa mkandarasi ambaye simtaji. Kokoto zetu zilikuwa za granaiti, ngumu, nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe granaiti huyapenda maji kuliko lami! Maji yakishapenya, hujichomeka kati ya jiwe na lami, na kila lori linapopita tairi linayasukuma kwa nguvu. Juu barabara inang'aa, chini kokoto ziko uchi. Siku tulipokata kipande, zilinimwagikia mkononi nyeupe, kama zimeoshwa kwa sabuni. Mhandisi mshauri akanitazama tu, hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Tulikuwa na haraka. Kokoto zilinyeshewa usiku, asubuhi tukazipitisha mtamboni zikatoka hazijakauka sawasawa. Zilijaa vumbi, lami ikashika vumbi badala ya jiwe. Tena tulishindilia lami imeshapoa. Matundu ya hewa yakapita asilimia 8, na hapo maji hayahitaji kubisha hodi.

Sasa nisikilize, wewe unayeota ukandarasi wa daraja la kwanza kama nilivyoota mimi. Pima kabla ya kumwaga. Tengeneza sampuli za mchanganyiko wa kokoto na lami: nyingine zibaki kavu, nyingine zishibishwe maji kisha ziloweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 24, halafu zote zipasuliwe kwa mashine. Zilizoloweka zikibaki na nguvu chini ya asilimia 80 ya zile kavu, usimwage. Kwanza changanya chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga), asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kokoto, ili lami ishike jiwe. Mimi niliiona gharama, nikairuka. Barabara niliyoitia chokaa baadaye imemaliza kipindi cha matazamio, ule muda mkandarasi anapowajibika kurekebisha kasoro, bila kiraka hata kimoja, na wale wa sokoni sijawasikia tena.

Pima, nasema. Na acheni kumtetemekea bosi anayesema "mwaga tu, mvua iko mbali". Kokoto ikiwa mbichi, ikatae mbele yake.

Wewe mdogo wangu, kabla ya viraka kata kipande uangalie. Kokoto zikitoka nyeupe, bandua tabaka lote, na mtaro uzibuliwe kwanza.