Barabara ya lami inakuja mtaani kwenu? Daini njia ya miguu kabla greda halijafika

Mleta uzi umeuliza kama kuna haja ya kwenda kwenye mkutano wa mtaa huko Goba, wakati barabara imeshatengewa fedha na wakubwa wameshaamua. Nenda, ndugu yangu, tena usiende peke yako. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya urasimishaji (kupima na kupanga rasmi makazi yaliyojengwa bila ramani) mtaani kwetu, upande wa Kimara. Kwa niliyoyaona huko, lami huamuliwa juu, lakini upana wa barabara kwa sehemu kubwa huamuliwa na sisi wenye viwanja. Na upana ndio unaoamua kama mtoto atapata pa kukanyaga.

Huku pembezoni mwa Dar wengi tulijenga kwanza, ramani ikaja baadaye. Kilichobaki kati ya ukuta na ukuta ndicho tunachokiita barabara. Urasimishaji unapoanza, kampuni ya upangaji inaleta rasimu ya mchoro wa mipango miji, na mle ndani kila njia inaandikiwa mita zake. Rasimu ya kwetu iliipa njia iendayo shule ya msingi mita sita. Hebu fikiria: boza la maji, bajaji, bodaboda na wanafunzi, wote ndani ya mita sita, na mtaro bado haujachimbwa.

Tulimwomba mpangaji aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tutembee naye njia nzima. Akawaona watoto wanavyobanwa ukutani kila gari likipita. Kuanzia siku ile hakuna aliyebishana naye wala yeye kubishana nasi kuhusu haja ya kupanua. Ugomvi ukawa ni ardhi ya nani itoke. Hapo ndipo kazi ya kamati ilipo, na ni ngumu kweli. Fidia haikuwepo. Wenye nyumba za kushoto walisema wachukuliwe wa kulia, wenye fremu wakahofia wateja watakosa pa kuegesha. Tuliingia nyumba kwa nyumba. Kilichotusaidia ni kukubaliana mapema kwamba kila upande utoe sawa, na panapokuwa na nyumba ya mtu, njia ipungue hapo, nyumba isiguswe. Mama mmoja mtu mzima, mjane, ndiye aliyetangulia kurudisha ua wake nyuma. Baada yake kukataa kukawa kugumu. Namheshimu sana mama yule.

Sasa sikiliza hili kwa makini: makubaliano ya mdomo hayadumu. Mtu akiuza kiwanja, mnunuzi anajenga hadi pale alipoonyeshwa na dalali. Andikeni muhtasari, kila aliyetoa ardhi asaini, mwenyekiti agonge mhuri, na mpangaji abadilishe mchoro kabla haujapelekwa halmashauri kupitishwa. Vigingi visimamishwe mapema, majirani wakiwepo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe katika upangaji, na Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo msiingie ofisini kama mnaoomba hisani.

Mhandisi wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) au mkandarasi akija kutambulisha mradi, mwombeni afungue michoro mezani. Ulizeni mtaro utafunikwa? Kwenye njia nyembamba, mtaro wenye mifuniko imara ndio njia ya miguu ya bei nafuu kuliko zote. Ulizeni matuta yatakuwa wapi, kivuko cha shule kiko wapi, na kama kuna nguzo fupi za zege za kuzuia magari kuegesha wanapopita watu. Mwenye kiti cha magurudumu atashukaje?

Kuhusu matuta, wapo watakaosema yanaharibu magari. Wajibuni kwa takwimu. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takribani asilimia 4. Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani linataka kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Na hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano: Amend, shirika la usalama barabarani, lilifanya kazi hii kwenye shule za msingi hapa hapa Dar, likaweka matuta, vivuko na njia za miguu, majeruhi wakapungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI). Ni vitu vya bei ndogo, vilivyowekwa pale watoto wanapopita kweli.

Jambo jingine ni saa ya mkutano. Ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, watakuja wazee na wenye fremu tu. Sisi tuliomba uhamishiwe Jumapili alasiri, wakaja mama ntilie, wauza mboga na vijana wa bodaboda. Hao ndio wanaojua watu wanavukia wapi, na mvua ikinyesha maji yanakatiza wapi. Kivuko cha kwetu kilisogezwa kwa neno la muuza mboga, mhandisi akaafiki pale pale.

Na msichelewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi nyuma, mapendekezo yakipanda kutoka mtaa kwenda kata hadi halmashauri. Mbaneni diwani sasa, mkiwa na muhtasari mkononi.

Kama mchoro wa kwenu umeshapitishwa, anzia kwa mtendaji wa mtaa, ukikosa nenda idara ya mipango miji ya manispaa uombe kuuona. Ukiupata, tuwekee hapa mita zilizoandikwa kwenye hiyo barabara, nitakuambia kama njia ya miguu inaenea pande zote mbili au mpiganie upande mmoja.