Kadi yako ya kliniki isome, usiishie kuibeba tu

Wiki ya 31 ya mimba yangu ya kwanza nesi aliandika presha 140/90 kwenye kadi yangu, kwenye sehemu ya mkojo akaweka alama ya jumlisha moja, akaniambia njoo mwezi ujao. Nikasema asante nikaikunja kadi nikatia kwenye pochi, nikawahi kwenda kuuza vitumbua vyangu kwa sababu tangu saa 12 asubuhi nilikuwa kwenye foleni na biashara ilikuwa imelala.

Kusoma najua, la saba nilimaliza, ila haikunijia kabisa akilini kwamba ile kadi na mimi nina haki ya kuisoma. Niliona ni kitu cha kuonyesha dirishani ili nihudumiwe. Wiki mbili baadaye kichwa kikaanza kuniuma kile cha kupasuka, uso umevimba mpaka macho yamekuwa madogo, naona vimulimuli, na majirani wananiambia hiyo mimba ya mtoto wa kiume ndo zilivyo, kunywa maji mengi ulale. Nilianguka uani nikapata degedege. Nilipelekwa hospitali kwa bajaji ya jirani, nikachomwa sindano za magnesiamu, mtoto akatolewa kwa operesheni ana kilo 1.9. Siku ya tatu wodini nesi mmoja mtu mzima alifungua kadi yangu akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, hii presha iliandikwa hapa wiki mbili nyuma, hukuambiwa?" Sikuambiwa. Na mimi sikuuliza.

Mwanangu yuko hai, anasoma sahivi, nashukuru Mungu kila siku. Ila ndo maana naandika hapa, hasa kwa mama vijacho wenzangu tunaokaa hizi nyumba za kupanga, tunaoenda zahanati za mtaani ambako nesi mmoja anahudumia benchi zima na hana mda wa kukueleza kila kitu. Simlaumu nesi peke yake, nimewaona wanavyochoka, ila mwili ni wako na mtoto ni wako.

Sasa kwenye ile kadi angalia hivi. Presha inaandikwa namba mbili, ya juu na ya chini. Ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, usitoke kwenye chumba hujaambiwa kinachofuata ni nini, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Mkojo wanapima protini, na ukiona jumlisha pamoja na presha ya juu hapo usikubali kuambiwa njoo mwezi ujao, uliza kama unatakiwa kwenda hospitali kubwa, maana hicho ndo kifafa cha mimba kinavyoanza na wala hakina uhusiano na mashetani wala kurogwa kama tulivyokuwa tunaambiwa. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11 una upungufu, ukiwa chini ya 7 ni hatari kubwa, hiyo sio ya kurudi nyumbani kunywa rosela. Alafu kuna umri wa mimba kwa wiki na tarehe ya makadirio, hiyo tarehe ikariri kama unavyokariri namba ya simu yako na mtu unayeishi naye aijue pia.

Vidonge vya kuongeza damu najua wengi mnavitupa. Mie pia nilivitupa mimba ya kwanza, vinatia kichefuchefu na ukienda chooni unaona kinyesi cheusi unaogopa. Kumbe ule weusi ni madini ya chuma yaliyobaki, ni kawaida. Kinachosaidia ni kumeza usiku kabla ya kulala, na usimeze na chai, chai inazuia chuma isiingie mwilini, bora umeze na maji ya ndimu au chungwa. Na huu udongo tunaoutafuna, jamani, hamu yake naijua mwenyewe ilinikamata, ila mara nyingi hamu hiyo inakuja damu ikiwa pungufu na udongo wenyewe unakuletea minyoo, kwahiyo ukiona unautamani kila saa mwambie nesi wakupime damu. Chakula cha kuongeza damu wala sio lazima nyama ya kila siku, dagaa, maharage, matembele, kisamvu, ukipata maini mara moja moja Alhamdulillah.

SP, vile vidonge vya kukinga malaria, unapewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, na kati ya dozi moja na nyingine upite mwezi angalau, unazimeza pale pale mbele ya nesi. Nimeona wadada wanaficha mdomoni wakitoka nje wanatema, wanasema mbona siumwi malaria. Mjamzito vimelea vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma wewe husikii homa wala nini, mtoto ndo anakosa chakula anazaliwa mdogo. Ila kama unatumia ARV na umeandikiwa Septrin, ile dawa ya kukinga magonjwa nyemelezi, sema mapema, wewe SP hupewi kwa sababu Septrin inafanya kazi hiyo tayari na hizo mbili hazichanganywi.

Jambo jingine ni kuanza mapema. Mimba ya kwanza nilianza kliniki na miezi sita. Sababu? Baba mtoto alikuwa amenikimbia na nilisikia usipoenda na mwenza wanakurudisha. Kweli nilirudishwa siku ile ya kwanza, nikaambiwa nilete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikaona aibu nikakaa nyumbani wiki tatu nzima. Nakwambia wewe ambaye uko peke yako, usipoteze hizo wiki. Mwenza anatakiwa ili na yeye apimwe, ni jambo zuri, ila kutokuwa na mwenza hakukunyimi huduma. Barua ukiambiwa ilete, nenda kwa mjumbe asubuhi hiyo hiyo, na ukizungushwa omba kuongea na mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo, kwa upole tu, mara nyingi pale ndo mambo yanaisha.

Mimba ya pili nilienda wiki ya 10. Nikaeleza historia yangu yote ya degedege, nikaandikiwa rufaa kwa daktari, akaniandikia aspirini ile ndogo na kalsiamu za kumeza kila siku ili presha isinirudie. Akaniambia hii dawa inatakiwa ianze mapema, ningekuja na miezi sita kama mwanzo ningekuta mda wake umeshapita. (Usiende duka la dawa ukajinunulia mwenyewe tafadhali, ni ya kuandikiwa.) Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mara 8 za kuonana na mtoa huduma, mimi nilienda 9, na mtoto alizaliwa na kilo 3.1, sikulala wodini zaidi ya siku moja.

Utafiti wa kitaifa wa hapa Tanzania wa 2022 ulionyesha kina mama 65 kwa kila 100 ndo walifika kliniki mara nne au zaidi. Ni wengi kuliko ule utafiti wa 2015/16, ila hao 35 waliobaki nawajua kwa sura, ni sisi wauza mboga na mama lishe, siku ya kliniki ni siku isiyo na hela.

Kwahiyo hela. Huduma ya mjamzito kwa sera ni bure, ila ukweli wa mtaani ni kwamba utaambiwa uje na gloves, pamba, wembe, mpira wa kutandika, kibana kitovu. Usisubiri mwezi wa tisa. Mie nilikuwa na kibubu cha 500 kwa siku, kila Ijumaa nanunua kitu kimoja natia kwenye begi na khanga mbili safi, mpaka mwezi wa nane begi limejaa liko nyuma ya mlango. Nauli ya usiku iweke pembeni usiiguse hata kwa unga. Na ukizidiwa ghafla piga 115, ni bure, ni ule mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Iandike ukutani kwa mkaa ikibidi, kwa sababu usiku wa uchungu simu inaweza kuwa haina chaji na ikabidi jirani apige kwa simu yake.

Mtoto asipocheza kama ulivyomzoea, damu ikitoka hata kidogo, maji yakimwagika kabla ya uchungu, kichwa kikiuma na macho yanaona ukungu, hapo huendi kumuuliza shangazi, unaenda hospitali na kadi mkononi.

Sahivi binti mmoja hapa jirani, mimba yake ya kwanza, kila akitoka kliniki anapitia kwangu tunakaa kwenye mkeka tunaifungua kadi yake pamoja. Juzi ilikuwa 130/85, mkojo safi, na aliniambia nesi alishangaa alipoulizwa, "Dada, ile mara iliyopita ilikuwa ngapi?" Amepangiwa kurudi baada ya wiki mbili.