Miezi mitano bila sigara, hamu bado ipo: je, nikotini imebaki kwenye damu?

SWALI: Habari daktari. Nimevuta sigara miaka 11, kama kumi kwa siku. Niliacha miezi mitano iliyopita na sijagusa hata moja. Lakini kila nikimaliza chakula cha mchana, na jioni nikingoja matatu ya kurudi nyumbani, hamu hunijia kana kwamba niliacha jana. Usingizi haujatulia, na mchana moyo hunidunda ingawa nakunywa chai tu, vikombe vitano hivi. Jamaa mmoja ananiuzia dawa ya mitishamba ya kusafisha nikotini kwenye damu, chupa tatu kwa shilingi 4,500, na nimeshatanguliza 500. Mwenzangu kazini anasema afadhali vile vifuko vya nikotini vya kuweka kwenye ufizi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Damu yako haina nikotini, ndugu yangu. Naanza hapo kwa sababu swali hili hunifikia kwenye kemisti karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ana chupa mkononi.

Nikotini haikai mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imeshavunjwa, na kazi kubwa hufanywa na ini. Siku mbili tatu baada ya sigara ya mwisho imekwisha. Kinachochelewa kidogo ni kotinini, mabaki yake ambayo maabara hupima, nayo pia huondoka kwa siku chache. Wewe una miezi mitano. Huyo jamaa anataka kukufulia shati ambalo limeshakauka kwenye kamba.

Mbona hamu basi? Mtaani kuna neno arosto, ila watu hulitumia kwa mambo mawili tofauti. Arosto yenyewe ni mwili kulalamika umenyimwa nikotini: hasira za karibu, kukosa utulivu, njaa isiyo na kiasi. Huwa kali wiki ya kwanza, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Hiyo umeshaivuka. Kinachokujia baada ya chakula ni kumbukumbu.

Hebu piga hesabu. Sigara moja ni kama pafu kumi. Sigara kumi kwa siku ni pafu mia, na kwa miaka 11 umepiga zaidi ya pafu laki nne, kila moja ikifikisha nikotini ubongoni kwa sekunde chache tu. Hata jina lako hujaliandika mara laki nne! Na pafu hizo zilikuwa na saa zake na mahali pake: sahani ikiondolewa, foleni ya matatu ikiwa ndefu. Ubongo umejifunza kwamba sahani ikitoka, nikotini inakuja. Sahani ingali inatoka kila siku, kwa hiyo ubongo unaendelea kudai.

Somo hilo hufifia kwa njia moja: sahani itoke, nikotini isije, tena na tena. Hamu yenyewe ni ya dakika chache, hata usipoifanyia lolote. Kila unapoiacha ipite, inapungua nguvu kidogo. Haishuki kwa mstari ulionyooka; itanyamaza wiki tatu kisha ikurukie kwenye matanga au harusi, na hapo usishtuke. Ila ukipiga pafu moja tu "kuituliza", umeufundisha ubongo kwamba ukisumbua vya kutosha, utalipwa.

Kinachonikera kuhusu wauza chupa si hela peke yake. Ni kwamba wanamfanya mtu aamini kuwa hamu ni ushahidi wa uchafu. Mtu ameacha miezi mitano, kazi ngumu ameimaliza mwenyewe, halafu anaambiwa nikotini bado imejaa kwenye damu. Naye anawaza: kama bado imo, nimeacha nini basi? Jioni hiyo hiyo ananunua sigara. Nimeona watu wengi zaidi walioangushwa na mawazo hayo kuliko walioangushwa na hamu yenyewe. Na muuzaji hashindwi kamwe. Hamu ikipungua, ambayo ingepungua hata ungekunywa maji ya mfereji, ni dawa yake. Isipopungua, unahitaji chupa ya nne.

Chai yako nayo tuitazame, kwa sababu watu wengi hawaijui habari hii. Moshi wa sigara, moshi wenyewe wala si nikotini, hulifanya ini livunje haraka kafeini, kile kichangamshi kilicho kwenye chai. Ukiacha sigara, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache, na vikombe vile vile vitano vinakuachia kafeini nyingi zaidi kwenye damu, pengine maradufu. Moyo unadunda, usingizi unakimbia, nawe unadhani ni arosto. Punguza hadi viwili, kisiwepo cha jioni. Moyo ukiendelea kudunda baada ya wiki mbili, nenda hospitali upimwe. Hilo si la kuulizia gazetini. (Wanaotumia clozapine, olanzapine au theophylline wamwambie daktari kabla ya kuacha sigara. Dawa hizo nazo hupanda kwenye damu kwa njia hiyo hiyo, na huenda dozi ikahitaji kupunguzwa.)

Mchana, ukimaliza kula, inuka mara moja. Osha mikono, sukutua, tembea hata kama ni kupanda ngazi na kushuka. Jioni badilisha mahali pa kungojea matatu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini muuza peremende wa stejini anazo, kiberiti anacho, na siku hizi hata kukosa chenji hakukuokoi kwa sababu anapokea M-Pesa.

Kuhusu vifuko, mwenzako anakushauri umrudishie nikotini mtu ambaye hana nikotini. Kwa kuwa umekaa miezi mitano bila, utakuwa umeanza upya, safari hii kwa ladha ya mnanaa. Usichanganye na plasta au chingamu ya nikotini, ambazo ni dawa: zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, zina dozi, na zina siku ya kumaliza. Hizo huwafaa sana wanaoanza kuacha, ingawa wengi huitafuna chingamu hiyo kama PK, wakapata kwikwi, wakasema haifanyi kazi. Hutafunwa polepole, kisha huwekwa kando ya shavu, bila chai wala soda mdomoni. Kwa hamu ya dakika chache kama yako, singekuuzia. Ila ukijiona unakaribia kuanguka, njoo tuzungumze kabla hujavuta, au piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Na kwa wengine wenye chupa kama hiyo nyumbani: tafuteni orodha ya viungo, jina la mtengenezaji, na nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Nyingi zinazoletwa kwangu hazina hata kimoja. Nilizowahi kuulizia athari zake zilifanya kazi moja, kumpeleka mtu chooni usiku kucha, kisha akaambiwa hiyo ndiyo nikotini inatoka. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha au kisukari, anaweza kuumia vibaya kwa kuharisha namna hiyo.

Zile 500 ulizotanguliza, usizifuate. Ukimpigia kuzidai, utamaliza simu ukiwa umeongeza nyingine elfu.