Migomba katikati ya Januari

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetaka kujua familia yenye kipato cha kawaida inaweza kwenda wapi katika jiji kubwa wakati wa baridi kali bila kuumaliza mshahara. Mimi ninaishi Chicago na mume wangu na watoto watatu, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu tuondoke Tanga. Jibu langu linaanza na jambo ambalo majira ya kwanza ya baridi sikulijua, kwamba kukaa ndani nako kuna gharama yake, kwa kuwa watoto wanaofungiwa kati ya kuta nne tangu Novemba hadi Aprili hugombana mchana, hukosa usingizi usiku, na mzazi anayetoka zamu ya usiku hapati pa kupumzikia.

Mwaka ule tuliwapeleka katika jumba moja la michezo ya watoto, ambako kiingilio, chakula na maegesho ya gari vilitugharimu zaidi ya dola 100 kwa saa tatu tu. Aliyenionyesha njia nyingine ni jirani yetu, mama kutoka Bukavu, aliyenichukua Jumapili moja tukapanda treni ya Green Line hadi Garfield Park Conservatory. Ni kitalu nyumba kikubwa mno cha vioo, kilichosanifiwa na msanifu wa bustani Jens Jensen na kufunguliwa mwaka 1908, na paa zake zilibuniwa zifanane na marundo ya nyasi kavu za mashamba ya huku. Mkazi wa Chicago hatozwi kiingilio, na kituo cha treni kiko karibu kabisa, jambo ambalo mtu aliyewahi kutembea na mtoto mchanga kwenye upepo wa mji huu atalithamini kuliko hata hilo la kiingilio.

Ukifungua mlango, miwani hufunikwa na mvuke papo hapo, na harufu inayokupokea ni ya udongo uliotoka kunyeshewa. Kuna ukumbi wa minazi na michikichi, kuna bonde la makangaga lenye maji yanayotiririka juu ya mawe, na kuna chumba cha mimea ya vyakula ambamo nilikuta miwa, migomba, mikakao na mibuni. Siku ile nilisimama mbele ya mgomba kwa muda mrefu bila kusema neno. Watoto wangu wawili wa mwisho wamezaliwa hapa na sukari wanaijua ya pakiti, hivyo niliwaonyesha pingili za muwa, nikawaeleza jinsi bibi yao anavyoumenya kwa kisu na kuwagawia wajukuu vipande vya kutafuna, wakaniuliza maswali hadi tukafika nyumbani. Tangu hapo hatupitishi mwezi wa baridi bila kwenda.

Zipo sehemu nyingine nazo. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park, iliyoanzishwa mwaka 1868, ni ya bure mwaka mzima, na nyumba ya sokwe ina joto la kutosha. Ila nendeni kwa basi namba 22 au 151, kwa sababu maegesho yake ni ghali. Chicago Cultural Center, jengo la mwaka 1897 lililokuwa maktaba kuu ya jiji, halitozi chochote, na kuba lake la vioo vya kampuni ya Tiffany hunyamazisha hata mtoto mtundu. Field Museum, jumba la makumbusho ya sayansi asilia, huwa na Jumatano za bure kwa wakazi wa Illinois, lakini beba kitambulisho chenye anwani. Uwanja wa kuteleza kwenye barafu wa Millennium Park, bustani ya katikati ya jiji, nao hauna kiingilio, ila ada ya kukodi viatu vya kutelezea kwa watoto watatu si ndogo, ndiyo maana sisi tulinunua vya kwetu kwenye duka la mitumba na watoto hupokezana vikimbana mkubwa.

Katika usafiri, mtoto aliye chini ya miaka 7 hatozwi nauli katika treni na mabasi ya jiji akiwa na mtu mzima aliyelipa. Chakula tunapika asubuhi na kukitia kwenye chupa ya kutunza joto. Hata hivyo, ziko siku ambazo nasema kwa dhati kwamba mtu asitoke: tarehe 30 Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na hakuna matembezi yanayostahili hatari ya ngozi ya mtoto kuganda.

Jumapili hii tunarudi kwa migomba. Mara ya mwisho tuliacha mkungu ungali kijani, na kitinda mimba wangu ananiuliza kila siku kama umeshaiva.