Nikigeuka kitandani, chumba chote kinazunguka

SWALI: Salaam kwako mtaalamu. Nina umri wa miaka 58. Kwa wiki tatu sasa, kila ninapogeukia upande wa kulia kitandani, chumba chote huzunguka kwa nguvu, kisha hutulia kabla dakika moja haijaisha. Hali hiyo hunipata pia nikiinua uso kutafuta kitu juu ya kabati. Nimepimwa shinikizo la damu, liko sawa. Vidonge nilivyopewa vinanitia usingizi tu, na siku hizi ninalala nimeegemea mito mitatu kwa hofu. Mwenzangu ameniambia kuna mazoezi ya kichwa yanayoponya kizunguzungu cha aina hii. Je, ni kweli, au nina uvimbe kichwani?

JIBU: Pole sana, mama. Maelezo yako yanafanana mno na kizunguzungu cha mkao, ambacho asili yake ni sikio la ndani wala si uvimbe, na mwenzako amekuambia kweli.

Katika sikio la ndani mna kifuko chenye chembe ndogo sana za kalisi kaboneti, ambazo kwa uzito wake huujulisha ubongo upande upi ni chini. Kando yake ipo mifereji mitatu iliyopinda, iliyojaa majimaji, na kazi yake ni kuhisi kichwa kinapogeuka. Chembe hizo zikibanduka, iwe kwa sababu ya umri, kwa pigo la kichwa, au bila sababu yoyote inayoonekana, huweza kutumbukia katika mfereji mmojawapo, mara nyingi ule wa nyuma. Basi ukigeuka, chembe huteleza na kuyasukuma majimaji, na sikio huuambia ubongo kwamba unazunguka ilhali umelala tuli. Zikishatua, kizunguzungu hukoma, na ndiyo sababu chako hakifiki dakika moja.

Hapo utaona kwa nini vidonge havikukusaidia. Huweza kupunguza kichefuchefu, lakini hakuna kidonge kinachoweza kuitoa chembe mferejini. Chembe iliyoingia kwa mwendo hutolewa kwa mwendo.

Kwanza lazima ijulikane ni sikio lipi. Tunatumia kipimo kilichoelezwa na madaktari Dix na Hallpike mwaka 1952: mgonjwa hukaa kitandani, kichwa kikageuzwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha hulazwa upesi hadi kichwa kining'inie kidogo ukingoni. Huwa ninamwomba asifumbe macho hata akitishika, kwa kuwa macho ndiyo yanayotoa jibu: kwa sekunde chache hutulia, halafu huanza kurukaruka na kujizungusha kuelekea sikio lililo chini, huku mgonjwa akinishika mkono kwa nguvu zote.

Tiba huanzia papo hapo. Daktari John Epley wa Marekani, ambaye wenzake wengi hawakumsadiki mwanzoni, alichapisha utaratibu wake mwaka 1992, nao hadi leo ndio tunaoutegemea. Ikiwa sikio ni la kulia, utabaki umelala hivyo, uso ukielekea kulia, hadi kizunguzungu kiishe, yaani sekunde 30 hadi 60. Kisha kichwa hugeuzwa nyuzi 90 kwenda kushoto bila kuinuliwa, ungoje tena. Baadaye mwili wote hugeuka kulalia ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, ungoje mara ya tatu, ndipo uinuliwe ukae huku kidevu kimeinama. Hatua kwa hatua chembe husafiri katika mfereji na kurudi kifukoni. Wengi hupata nafuu kwa mara moja au mbili.

Ninakusihi usianze peke yako kabla upande haujathibitishwa, kwa sababu mfereji ukiwa mwingine, hatua nazo hubadilika. Mwambie mtaalamu wa fiziotherapia mapema ikiwa una maumivu makali ya shingo, uti wa mgongo uliowahi kuumia, au tatizo la retina ya jicho. Na iwapo kizunguzungu kitaambatana na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, udhaifu wa mkono au mguu, kushindwa kutembea, au maumivu makali ya kichwa ya ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, maana huenda ni kiharusi.

Baada ya tiba unaweza kuhisi wepesi wa kichwa kwa siku kadhaa. Tembea na ugeuze shingo kama kawaida, kwani kuikaza shingo kwa hofu huchelewesha ubongo kuzoea. Hali hii huweza kurudi baada ya miezi au miaka, na ikirudi hutibiwa kwa utaratibu uleule, hivyo mwombe mtaalamu akufundishe kuufanya nyumbani. Ile mito mitatu, mama, huna haja nayo tena: usiku wa siku hiyohiyo ya tiba unaruhusiwa kulala kwa mkao wowote, hata kwa ubavu wa kulia.